Eddie Robinson na Hesabu ya Michezo 408

Katika vyuo vya Marekani mwalimu wa mpira hupimwa kwa hesabu moja, nayo ni idadi ya michezo aliyoshinda. Hesabu ya Eddie Robinson, aliyefundisha katika chuo cha Grambling, jimbo la Louisiana, ilikuwa 408 alipostaafu mwaka 1997. Alishindwa mara 165 na kutoka sare mara 15. Mpira wenyewe si ule tuuchezao kwa miguu, bali ni ule wa Kimarekani, unaobebwa mikononi na kurushwa, ambao katika majimbo ya kusini hufuatwa kwa bidii inayokaribia ibada. Wako waisifuo hesabu hiyo bila kuuliza ilipatikanaje, na wako waipunguzao thamani kwa kuwa ilipatikana dhidi ya vyuo vidogo. Wote, kwa maoni yangu, wanasoma tarakimu bila kusoma historia iliyozizaa.

Robinson alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Jackson, Louisiana, mtoto wa mkulima aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Alikulia Baton Rouge, mji wenye chuo kikuu cha jimbo hilo. Lakini mlango wa chuo hicho ulikuwa umefungwa kwa kijana mweusi, hata angekuwa hodari namna gani. Basi akaenda Leland, chuo kidogo cha Wabaptisti weusi, akacheza huko katika nafasi ya kiongozi wa mashambulizi, yaani yule apokeaye mpira, autazamaye uwanja wote kwa nukta chache, kisha akaamua ampe nani. Nafasi hiyo tutairudia, maana ndani yake mna kiini cha habari.

Alipomaliza masomo hakupata kazi ya kufundisha. Alifanya kazi katika kinu cha chakula cha mifugo kwa senti 25 kwa saa, hata mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 22, akaajiriwa na chuo ambacho mwaka 1946 kilipewa jina la Grambling. Mshahara haukufika dola 64 kwa mwezi. Kwa fedha hizo alikuwa kocha, tena alikata majani ya uwanja, alichora mistari, alipeleka habari za michezo magazetini, na safarini aliwatayarishia wachezaji mikate, kwa sababu mikahawa ya njiani haikuwapa chakula watu weusi. Msimu wa kwanza alishinda mara tatu, akashindwa mara tano. Msimu wa pili alishinda michezo yote tisa, wala hapakuwa na timu iliyopata hata pointi moja mbele yake. Kisha vita vikawachukua vijana, na kwa misimu miwili chuo hakikuwa na timu.

Inasimuliwa kwamba katika miaka hiyo ya mwanzo baba mmoja aliwatoa wanawe wawili katika timu ili wakachume pamba. Robinson hakumbembeleza. Aliwachukua wachezaji wote akaenda nao shambani, pamba ikachumwa, vijana wakarudi uwanjani.

Kuanzia mwaka 1934 hadi 1945 ligi kubwa ya kulipwa haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mwaka 1949 Paul Younger, aliyejulikana kwa jina la Tank, alitoka Grambling akaingia timu ya Los Angeles Rams, naye akawa wa kwanza kuingia ligi hiyo kutoka chuo cha watu weusi. Nyuma yake walifuata wanafunzi wa Robinson zaidi ya 200. Lakini mlango ulifunguliwa nusu. Mweusi alikubaliwa kwa nguvu za kukimbia na kuzuia. Nafasi ya kiongozi wa mashambulizi alinyimwa, kwa dhana kwamba yataka akili ambayo yeye hana. Aliyeicheza chuoni alihamishiwa kwingine. Robinson, aliyeicheza mwenyewe, aliijua dhana hii ilivyo ya uwongo, akamwandaa James Harris kwa nafasi hiyo na si nyingine. Mwaka 1969 Harris aliichezea Buffalo Bills. Tarehe 31 Januari 1988 mwanafunzi mwingine, Doug Williams, aliiongoza timu ya Washington kuishinda Denver 42 kwa 10 katika fainali iitwayo Super Bowl, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo. Katika hesabu ya 408 ushindi huu haumo.

Na hao vyuo vidogo? Mwaka 1985 Robinson aliipita hesabu ya Bear Bryant, kocha mashuhuri wa Alabama, iliyokuwa 323, na hapo ndipo manung'uniko yaliposikika. Lakini Robinson hakuwachagua washindani wake. Sheria na desturi ziliwachagua kwa niaba yake. Tena timu ya Alabama haikumchezesha mweusi katika michezo yake mikubwa hata mwaka 1971, na vyuo vingi vya kusini alivyovishinda Bryant kabla ya hapo vilikuwa hivyo hivyo. Ikiwa ushindi wa Robinson wapunguzwa kwa kuwa wazungu hawakuwamo, sioni kwa nini wa Bryant usipunguzwe kwa kuwa weusi hawakuwamo. Ukuta ulikuwa mmoja, na una pande mbili.

Ukuta ulipoanguka, Robinson ndiye aliyelipa. Vijana ambao zamani wasingekuwa na pa kwenda ila Grambling sasa waliitwa na vyuo vikuu vyenye viwanja vikubwa na fedha nyingi. Misimu yake mitatu ya mwisho ilikuwa ya kushindwa zaidi kuliko kushinda. Ingawa umri nao ulikuwa umemfikia, hapana shaka mabadiliko hayo yalikuwa na sehemu yake. Mwaka 1996 palikuwa na shinikizo la kumtaka aondoke, akaachiwa msimu mmoja zaidi. Mwaka 1998 Doug Williams akashika kazi ya mwalimu wake.

Robinson alifariki tarehe 3 Aprili 2007. Mwaka 2011 Joe Paterno wa Penn State alifikisha 409 na kumpita katika vyuo vya daraja la kwanza. Mwaka 2012, kwa kashfa iliyokikumba chuo hicho, chama cha michezo ya vyuo kilimfutia ushindi 111, na mwaka 2015 kikamrudishia.