Ukubwa wa protoni: Kipimo kilichozua utata

Haidrojeni ndiyo atomu sahili kuliko zote: protoni moja katikati na elektroni moja nje yake. Kwa sababu hiyo wanafizikia wameifanya mizani ya kupimia nadharia zao, tangu Niels Bohr wa Denmark alipoeleza mwaka wa 1913 kwamba elektroni hukaa katika viwango maalumu vya nishati, mfano wa mtu kwenye ngazi asiyeweza kusimama baina ya vidato viwili. Inaposhuka hutoa mwanga, na masafa ya mwanga huo, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hufichua umbali kati ya vidato.

Mlinganyo aliouandika Mwingereza Paul Dirac mwaka wa 1928 ulidai kwamba viwango viwili kati ya hivyo vina nishati sawasawa. Mnamo 1947, Willis Lamb na Robert Retherford wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitumia mawimbi ya aina iliyotumika katika rada za vita na kugundua kuwa vinatofautiana kwa takriban mitetemo bilioni moja kwa sekunde. Idadi hiyo yaonekana kubwa, lakini mwanga wenyewe hutetema mara mamia ya milioni milioni kila sekunde. Ufa huo mwembamba ulitosha kuonyesha kuwa ombwe si tupu, bali lina misukosuko inayoitikisa elektroni. Lamb alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1955.

Ujio wa leza uliongeza usahihi. Tatizo lilikuwa mwendo wa atomu, ambao hubadilisha masafa jinsi king'ora cha ambulensi kinavyobadilika sauti kikipita. Theodor Hänsch, Mjerumani aliyetuzwa Nobel mwaka wa 2005, alilikwepa kwa kuimulika atomu kutoka pande mbili zinazokabiliana. Mwaka wa 2011 kikundi chake mjini Garching kilitangaza kuwa kutoka kiwango cha kwanza hadi cha pili ni mitetemo 2,466,061,413,187,035 kwa sekunde, shaka ikiwa mitetemo 10 tu.

Kwa usahihi huo, hata ukubwa wa protoni huathiri hesabu. Nusu kipenyo chake kilikubalika kuwa femtomita 0.877 (femtomita moja ni sehemu moja ya trilioni ya milimita). Lakini mwaka wa 2010 watafiti nchini Uswisi waliweka myuoni mahali pa elektroni. Chembe hii, yenye uzito mara 200 hivi zaidi, huikaribia mno protoni, na kwa hiyo huhisi ukubwa wake barabara. Wao walipata 0.842, pungufu ya asilimia 4.

Ama kulikuwa na kosa katika majaribio, ama nadharia yenyewe ilikuwa na kasoro. Garching walipima upya haidrojeni ya kawaida mwaka wa 2017 wakapata kipimo kidogo. Paris, mwaka wa 2018, wakapata kile kikubwa. Mwaka wa 2019 Chuo Kikuu cha York, Toronto, kiliurudia upimaji wa Lamb kwa mbinu mpya na kupata 0.833. Kamati ya kimataifa inayoratibu vipimo hivyo ilikuwa tayari imeshusha kiwango rasmi hadi 0.841, ingawa kilichoyapotosha majaribio ya awali hakijabainishwa.