Sauti Iliyozaliwa na Transfoma Mbovu

Ukitaka leo ule mkwaruzo wa gitaa la rock ya miaka ya 1960, unanunua pedali, unaichomeka kati ya gitaa na amplifaya, unaikanyaga, basi. Ila pedali ya kwanza ya aina hiyo kuingia madukani ilibuniwa kuiga kifaa kibovu.

Twende Nashville, Marekani. Grady Martin alikuwa studioni akipiga gitaa la besi la nyuzi sita kwenye wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", uliotoka 1961. Ni wimbo wa kantri, mpole kabisa. Halafu ghafla besi inaanza kunguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo! Transfoma ndani ya meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa imeharibika, na wakaamua kuuacha mngurumo ulivyo. Wimbo ukapendwa. Wanamuziki wengine nao wakaja kuutaka, lakini kufikia hapo kifaa kilichokuwa mgonjwa kilishakufa.

Sasa utaharibuje sauti kwa makusudi, tena kwa namna ile ile kila siku? Fundi mitambo wa studio, Glenn Snoddy, na mwenzake Revis Hobbs walijibu kwa transista tatu za jemaniamu na betri mbili za volti 1.5. Mwaka 1962 Gibson wakaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Siri yake ni hii. Uzi wa tano wa gitaa hutikisika mara 110 kwa sekunde. Transista ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya wimbi hukatwa vikawa bapa. Wimbi lililokatwa sawasawa juu na chini huzaa mitikisiko mipya: 330, 550, 770 na kuendelea, yaani mara 3, mara 5, mara 7. Huo ndio ukali tunaousikia. Tena, uzi unapofifia, wimbi bado linagonga dari lile lile, kwa hiyo sauti haishuki upesi. Kwangu mimi hilo ndilo tamu zaidi: gitaa linapata pumzi ya tarumbeta.

Na kweli Gibson waliitangaza kama kifaa cha kuigia ala za kupuliza. Wanunuzi hawakushawishika. Mei 1965 Keith Richards aliitumia kwenye "(I Can't Get No) Satisfaction", kama mchoro tu wa sehemu aliyotaka ije ipigwe na tarumbeta. Wimbo ukatoka na mchoro wake hivyo hivyo, na pedali zilizokuwa zimelala madukani zikagombaniwa.

Kuiiga leo si mchezo. Jemaniamu huvujisha umeme kidogo, na joto likipanda huvuja zaidi, kwa hiyo pedali ya asubuhi si ile ya mchana. Silikoni imetulia, lakini saketi ile ya 1962 ilitegemea huo uvujaji ili ifanye kazi. Ndiyo maana mafundi wanaotengeneza nakala huketi na kipimo, wakipima transista kuukuu moja moja. Zile nzima kabisa, zisizovuja, huwekwa kando.