Maziwa na Kijidudu Kilichoizoea Dawa

Mfugaji aliyewahi kukamua ng'ombe mwenye kiwele kigonjwa azijua dalili zake. Kiwele huvimba na kuwa cha moto, ng'ombe hurusha teke akiguswa, na maziwa hutoka na madonge au huwa mepesi kama maji. Zamani hapakuwa na dawa ya kutegemewa kwa ugonjwa huo.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Mwezi wa Septemba, 1928, tabibu Mskoti, Alexander Fleming, alirejea kazini London kutoka likizoni, akakuta kuvu limeota katika kisahani alimofuga vijidudu. Kandokando ya kuvu vijidudu vilikuwa vimekufa. Navyo vilikuwa vya jamii ya stafilokoki, ambayo hushambulia jeraha la mtu na pia kiwele cha ng'ombe. Kutokana na kuvu hilo ilipatikana penisilini, na baada ya Vita Kuu ya Pili wafugaji wa Ulaya wakawa wakiitia ndani ya chuchu za ng'ombe kwa kibomba. Ng'ombe wengi walipona. Waliolalamika ni watengenezaji wa jibini, kwani mabaki ya dawa katika maziwa yaliua hata vijidudu vyema vya kuyachachusha!

Fleming mwenyewe hakulewa sifa. Alipotoa hotuba ya Tuzo ya Nobel, mwaka 1945, alionya kwamba dawa ikitumiwa pungufu ya kipimo chake haiviui vijidudu bali huvizoeza. Vilivyo dhaifu hufa. Vilivyo sugu husalia, navyo huzaana upesi mno, bila mshindani.

Mambo yakawa hivyo. Penisilini iliposhindwa na stafilokoki nyingi, wataalamu walitunga methisilini, ikaanza kutumika mwaka 1959. Mwaka 1961 Uingereza ikatangaza stafilokoki isiyodhurika kwayo. Mwaka 1972 huko Ubelgiji kijidudu cha namna hiyo kilionekana katika maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele.

Lakini kisa cha ajabu zaidi ni cha maziwa yaliyochukuliwa mwaka 2007 kutoka tangi la shamba moja kusini-magharibi mwa Uingereza. Stafilokoki iliyokuwamo ilihimili dawa, ila kipimo cha kutafuta jeni ya usugu kilijibu kwamba jeni haimo. Kipimo gani hiki kinachokana lionekanalo kwa macho? Mark Holmes wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake wakaisoma asili yote ya kijidudu, wakakuta jeni ya usugu ipo, ila imetofautiana na ile iliyojulikana kiasi cha kukipita kipimo. Waliyatangaza hayo mwaka 2011. Vijidudu vyenye jeni hiyo vilikuwa vimekwisha kupatikana kwa wagonjwa wa Uingereza na Denmark, na vipimo vya hospitali vilihitaji kurekebishwa. Mnywaji wa maziwa yaliyochemshwa hakuwa na la kuogopa, maana moto hukiua kijidudu sugu sawasawa na kingine. Aliye karibu na hatari ni yule anayemshika ng'ombe mgonjwa.

Jeni hiyo ilitoka wapi? Wengi tungedhani ni zao la dawa za zizini. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulifuata nasaba ya vijidudu hivyo hadi karne ya 19, ukawakuta katika ngozi ya kalunguyeye wa Ulaya. Katika ngozi hiyo huota kuvu linalotoa penisilini lenyewe, na stafilokoki zilikwisha kujifunza kuishi nalo kabla Fleming hajakiona kisahani chake.