Kwani Rosa Mistika ni ya Umri Gani?

Juzi binamu yangu wa miaka 15 alikuja hapa kwetu Makadara kuniomba Rosa Mistika. Hata mlangoni hajafika, khalti ashamnyang'anya. "Hiki si kitabu cha watoto!" Nikanyamaza, khalti hajibiwi. Lakini wallahi ubishi huu una zaidi ya miaka 50, na si yeye aliyeuanza.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliitoa riwaya hiyo 1971, hajafika hata miaka 30. Rosa ni msichana wa shule tu. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na barua moja ya mvulana ikamtia Rosa kwenye kipigo kibaya. Basi akaenda shule ya bweni hajui hata kuongea na mvulana, na huko nje wanamsubiri wanaume wazima wenye vyeo. Mwishowe anajiua. Mimi nilimaliza usiku, nikabaki naangalia feni.

Wakubwa wakafanyaje? Wakaipiga marufuku mashuleni Tanzania, eti ina mambo ya ngono. Yaani Zakaria alimficha Rosa dunia, nao wakawaficha kina Rosa kitabu kinachoeleza hasara ya kuficha. Hapo walichemka kabisa. Miaka ikapita, riwaya hiyohiyo ikawa ya kusomwa sekondari, Tanzania na hata huku Kenya. Wasichana walikuwa walewale, waamuzi ndio waliobadilika.

Watu hupima umri wa kitabu kwa kuhesabu vitanda vilivyomo. Mimi nauliza: haya mambo humkuta mtu lini? Barua ya Rosa siku hizi ni meseji ya WhatsApp, na zinaanza kuingia mtu akiwa na miaka 13, 14. Ukingoja afike 18, wamwonya nini tena?

Ila khalti naye ana hoja yake. Mwisho ule si wa kumwachia mtoto alale nao peke yake, na wa miaka 11 simpi, aseme nani. Kwangu ni 14 au 15, na awepo mkubwa wa kuzungumza naye.

Jana nikamwambia khalti tukisome sote watatu, kidogo kidogo kila baada ya magharibi. Akasema lazima akikague yeye kwanza. Kitabu kiko chumbani kwake, na jana taa yake imezimwa saa saba usiku.