Ufito wa Kioo na Mwambao wa Nyasa

Wako leo Ulaya na Marekani mafundi wa nyumbani wafinyangao udongo usiochimbwa ardhini, bali utokao viwandani, wa jamii ya plastiki. Hupanga rangi mbalimbali katika mche mmoja mnene, wakauvuta hata ukawa ufito mwembamba, kisha wakaukata. Na kila kipande huonyesha ua lile lile. Ustadi huo ni mwana wa ustadi mkongwe wa kioo, ambao matunda yake yalifika zamani katika mwambao wa Mbamba Bay na Liuli, uliokuwa katika Wilaya ya Mbinga hata ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012.

Katika kisiwa cha Murano, karibu na Venice, mafundi wa karne ya 15 walivika kioo cha moto tabaka juu ya tabaka na kuacha tundu katikati. Kisha watu wawili walishika ncha zake, wakaenda mbio kila mmoja upande wake, na donge likawa ufito mrefu. Ufito ulipokatwa ulitoa shanga nyingi mno zilizofanana. Hapo ndipo penye siri ya biashara: kazi ya saa chache ilizaa mali ya kujaza mizigo ya wapagazi.

Burton, aliyesafiri bara kutoka mwaka 1857 hata 1859, aliandika kuwa aina za shanga zilikaribia 400. Samesame, nyekundu juu na nyeupe ndani, ilipendwa sana, hata ikapewa jina lenye maana ya kimaliza chakula, kwa sababu mtu aliweza kutoa chakula chake ili aipate. Lakini tusidhani kuwa wanunuzi walikuwa wajinga. Mfanyabiashara aliyechukua rangi isiyopendwa mahali fulani alirudi na hasara. Fundi wa Venice, bila kujua, alitii macho ya watu wa bara.

Basi, tatizo halikuwa katika ushanga, bali katika kile kilichotolewa upande wa pili wa mizani. Njia ya Nyasa ilishuka Kilwa, na pamoja na pembe walishuka wanadamu. Kanali Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, alimwarifu Livingstone kuwa watumwa 19,000 wa nchi ya Nyasa walipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara.

Ushanga ni mwepesi mkononi. Mwanahistoria autazamapo asisifu rangi zake tu. Aulize pia ni nani aliyeulipia, na kwa nini jina la fundi linatafutwa, hali jina la aliyeuzwa halikuandikwa.