Mgombea Afapo Kati ya Duru Mbili: Kwa Nini Kura Hairithiwi

Tarehe 21 Agosti 2006, siku moja baada ya kutangazwa matokeo ya duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais nchini Kongo, makazi ya Jean-Pierre Bemba, mgombea aliyeshika nafasi ya pili, mjini Kinshasa yalishambuliwa kwa silaha nzito na kikosi cha ulinzi wa Rais Joseph Kabila. Ndani mlikuwamo Bemba na mabalozi waliofika kuzungumza naye, ikabidi askari wa Umoja wa Mataifa na wa Umoja wa Ulaya waende kuwatoa. Bemba alisalimika, duru ya pili ikafanyika tarehe 29 Oktoba, na Kabila akashinda kwa asilimia 58. Swali la kisheria, hata hivyo, lilibaki palepale: lau Bemba angeuawa siku ile, nani angesimama kupambana na Kabila? Katiba ilikuwa na jibu. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo lilikuwa na kasoro ya msingi, na kwamba kifo cha mgombea kati ya duru mbili kinapaswa kuufuta uchaguzi mzima. Nafasi ya marehemu isirithiwe na yeyote.

Ibara ya 71 ya Katiba ya Kongo ya 2006, kabla ya marekebisho ya 2011 yaliyoondoa duru ya pili, ilisema kuwa mmoja wa wagombea wawili akifariki, wanaofuata hupanda kwa mpangilio wa kura zao. Brazil nayo ina kanuni ya aina hiyo katika Ibara ya 77 ya katiba yake. Kanuni inaonekana nyepesi na ya haki: aliyekuwa wa tatu anakuwa wa pili. Lakini tuitazame ndani ya matokeo yenyewe. Kabila alipata takriban asilimia 45, Bemba 20, Antoine Gizenga 13, na Nzanga Mobutu karibu 5. Kabla ya duru ya pili Gizenga alikwisha kuingia muungano na Kabila, na baada ya uchaguzi akawa waziri mkuu wake. Mobutu naye alijiunga na upande huohuo. Kwa hiyo kifo cha Bemba kingemletea Mkongo karatasi ya kura yenye majina mawili ya kambi moja. Wapinzani wa Kabila, ambao ndio hasa waliohitaji duru ya pili, wangekwenda kituoni wakakosa wa kumchagua.

Tusiichukulie hali hiyo kuwa bahati mbaya ya Kongo peke yake. Chanzo chake ni kuchanganya daraja na ridhaa. Kura ya duru ya kwanza ni jibu la swali moja: kati ya hawa wote waliopo, unamtaka nani? Akiondoka mmoja, swali limebadilika, na jibu la zamani halifai tena. Waliompa Bemba asilimia 20 hawakumweka Gizenga wa pili mioyoni mwao, hawakuulizwa. Huenda Bemba asipokuwapo wangegawanyika, na mpangilio wote wa waliobaki ungegeuka. Kumpandisha wa tatu ni kuhesabu kura ambazo hazikupigwa.

Zipo njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kumwacha aliyebaki aendelee peke yake. Kenya ilionja ladha ya uchaguzi wa namna hiyo tarehe 26 Oktoba 2017, baada ya Raila Odinga kujiondoa katika uchaguzi wa marudio. Kujiondoa si kufa, na majina mengine yalikuwa kwenye karatasi ya kura, lakini ushindani wa kweli haukuwapo: Uhuru Kenyatta alipata asilimia 98 ya kura, huku waliojitokeza wakishuka hadi takriban asilimia 39. Ushindi ulikuwa halali mbele ya sheria, ila ridhaa ya taifa ilibaki na ubishi. Njia ya pili ina uzito zaidi: chama cha marehemu kiteue mwingine, duru ya pili iendelee. Njia hii inalinda walau kambi ya marehemu. Hata hivyo urais ni kura ya mtu kabla ya kuwa kura ya chama, na wagombea waliotolewa katika duru ya kwanza walishindwa na marehemu mwenyewe. Hawakushindwa na mtu anayeletwa baada ya mazishi.

Ndiyo maana Ufaransa, kwa marekebisho ya 1976 ya Ibara ya 7, iliamua kuwa akifariki mmoja wa wawili waliobaki, shughuli nzima ya uchaguzi huanza upya. Kenya pia, katika Ibara ya 138(8), hufuta uchaguzi iwapo mgombea urais au mgombea mwenza atafariki kabla au siku ya kupiga kura.

Wapo watakaopinga kwamba kuanza upya ni gharama na kunaiacha nchi bila uongozi mpya. Gharama ipo, lakini si ya kuiangusha nchi. Mwaka 2005 Tanzania, ambayo haina duru ya pili ya urais, iliahirisha uchaguzi wa muungano kutoka 30 Oktoba hadi 14 Desemba kwa sababu mgombea mwenza wa CHADEMA alifariki siku chache kabla ya kura. Rais Benjamin Mkapa alibaki ofisini hadi Jakaya Kikwete alipoapishwa tarehe 21 Desemba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayeogopa kushindwa anaweza kuua ili apate muda. Hakuna kanuni inayomzuia muuaji kabisa. Tofauti ni katika kile anachovuna: kanuni ya kupandisha humpa mpinzani anayejulikana, pengine mshirika wake, kanuni ya kuanza upya humrudisha kwenye uwanja asioujua, mbele ya umma wenye hasira.

Muda huo, hata hivyo, lazima uwekewe mpaka ulio wazi, na hapa Kenya ina kazi ya kufanya. Uchaguzi mpya baada ya kifo cha mgombea unatakiwa ndani ya siku 60 tangu tarehe iliyopangwa kwa uchaguzi uliotangulia. Kifo kikitokea kabla ya duru ya pili, uchaguzi uliotangulia ni upi? Ikiwa ni duru ya kwanza, na mgombea akafariki siku ya 28, zinabaki siku 32 za uteuzi, kampeni na kuchapisha karatasi za kura. Ibara inayofuata, ya 139, inazungumzia kifo cha rais mteule ambaye hajaapishwa, nayo huhesabu siku 60 kuanzia siku ya kifo. Kipimo hichohicho kinafaa kuhamishiwa ibara ya 138, ili tume na vyama vijue saa imeanza kuhesabu lini.