Somo la Sarafu za Kale: Mwaka Si Shahidi wa Kutosha

  Nyinyi mlioko Mtambile, Kengeja na Kangani, na wengine wote mliokusanyika kusikiliza, wekeni karatasi na kalamu karibu, kwani leo tuna hesabu kidogo.

Somo letu lahusu sarafu za kale, na namna ya kupambanua iliyo ya kweli na iliyo ya kughushi. Huenda mtu akauliza: jambo hili lina faida gani kwetu sisi watu wa karafuu? Faida ipo. Siku hizi mtu aliyekaa barazani kwake Mtambile hufungua simu, akaona picha ya riale ya zamani inauzwa na mtu asiyemjua, katika mji asioujua. Chini ya picha pameandikwa "Ya mwaka 1780", na bei yake yaweza kumaliza fedha ya msimu mzima wa karafuu. Je, anunue au aache? Mwenzake naye ana riale ya bibi yake sandukuni, na mnunuzi amwambia kwa simu kuwa si kitu. Wote wawili wanahitaji historia kabla ya kutoa mkono.

Riale iliyojulikana sana katika pwani hii ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ilitumika Arabuni, Ethiopia, na katika visiwa vyetu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu, na fedha ikaifuata karafuu. Baadhi ya riale zilipelekwa kwa masonara zikayeyushwa, zikawa bangili na vikuku. Nyingine zilifichwa, nazo ndizo zinazotoka masandukuni leo.

Sasa sikilizeni vizuri. Maria Theresa alifariki mwaka 1780. Lakini wafanyabiashara wa Arabuni na Afrika walikwisha kuizoea sura yake, wala hawakutaka nyingine. Basi serikali ya Austria ikaendelea kupiga sarafu ile ile, kwa mwaka ule ule wa 1780, hata baada ya malkia kuzikwa. Mwaka 1935 Italia, ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipewa na Austria vyombo vya kuipigia, ikaipiga Roma. Uingereza nayo ikaanza kuipiga London mwaka 1936. Ilipigwa pia Paris, Brussels na Bombay. Na mpaka leo Vienna yaipiga. Zote zimeandikwa 1780.

Kwa hiyo yapo mambo matatu, nasi tusiyachanganye. Kuna riale iliyopigwa zamani. Kuna riale iliyopigwa baadaye kwa idhini, nayo ni fedha halali ingawa umri wake si ule ulioandikwa. Na kuna ya kughushi, ambayo madini yake si yale. Anayekuuzia ya pili kwa bei ya kwanza amekudanganya, ijapokuwa sarafu yake ni fedha ya kweli.

Mwaka wa pili unaodanganya tunao hapa hapa kwetu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, alipigisha sarafu zake mwenyewe. Ziko za shaba, zenye picha ya mizani, zilizoandikwa 1299. Asiyejua atasema, "Hii ina miaka zaidi ya mia saba!" Lakini huo ni mwaka wa Hijra, nao ni sawa na mwaka 1882 wa Miladi. Pesa hizo za shaba zilikuwa nyingi. Ama riale za Barghash za fedha ni adimu, na za dhahabu ni adimu mno. Basi ukiona ya dhahabu inauzwa kwa bei rahisi, usifurahi, bali ogopa.

Wazee wetu hawakuiamini riale kwa kuitazama tu. Waliigonga wakasikiliza mlio wake, wakaitia mizanini. Huko Arabuni na Ethiopia watu walihesabu hata lulu katika sura ya malkia. Mnunuzi wa simu amenyimwa mizani na mlio, amebakiwa na macho peke yake. Na macho ndiyo mepesi kudanganywa.

Basi andikeni. Riale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28 na nukta 07. Upana wake ni kama milimita 40. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 833 ni fedha safi, na zilizobaki ni shaba. Ukingoni yana maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, maana yake "Kwa haki na huruma". Sarafu iliyotumika sana hupungua uzito kidogo; lakini ikipungua gramu tatu au nne, iweke kando.

Jaribio la kwanza ni sumaku. Ikinasa, si fedha. Lakini isiponasa, usikate shauri, kwani risasi na shaba nyeupe hazinasi pia.

Jaribio la pili ni la maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya sonara, uirudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge riale kwa uzi, uizamishe ining'inie majini bila ya kugusa chini wala pembeni. Mizani itapanda kama gramu 2 na robo tatu. Gawanya 28 kwa idadi hiyo, upate kidogo zaidi ya 10. Ingekuwa ya shaba nyeupe yenye uzito huo huo, mizani ingepanda zaidi ya gramu 3.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha, mtake muuzaji picha za pande zote mbili, za ukingo, na za sarafu ikiwa juu ya mizani. Taka ahadi ya maandishi kwamba utairudisha ukiipima ukaikuta mbovu. Muuzaji wa haki hatachukizwa. Anayekuhimiza ulipe upesi kabla hajatokea mwingine, mwachie huyo mwingine.

Mwisho, tutoke Mtambile, kusini, twende Mtambwe Mkuu, kaskazini magharibi ya kisiwa chetu. Majina yakaribiana, mahali ni mbali. Huko, mwaka 1984, wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii, kama Ali bin al-Hasan. Hazikuandikwa mwaka. Umri wake ulijulikanaje? Pamoja nazo zilikuwapo dinari chache za dhahabu zilizoandikwa miaka, na hizo zikaonyesha kuwa hazina ni ya karne ya 11. Kama mtu angalizichimba kwa siri akaziuza moja moja, kila sarafu ingalitengwa na shahidi wake, na leo tusingaliweza kusema kwa yakini kwamba Pemba ilitumia fedha yenye majina ya watawala wa pwani miaka mia tisa iliyopita na zaidi. Basi ukikuta sarafu ardhini, usiisugue wala usiiuze. Waarifu wahusika wa mambo ya kale.

Maswali ya kujadiliana baada ya somo:

1. Kwa nini riale iliyoandikwa 1780 yaweza kuwa imepigwa London baada ya 1936?
2. Sarafu haikunasa sumaku. Je, hiyo yatosha kuithibitisha? Toeni sababu.
3. Riale ina uzito wa gramu 28, na majini mizani imepanda gramu 3 na nusu. Gawanyeni, mseme kama ni ya kweli.
4. Ni hasara gani huwapata watu wote wa kijiji mtu mmoja anapouza kwa siri sarafu aliyoifukua?